Ikako, kichaka cha mchangani

Mvua ikinyesha juu ya mchanga, maji hupita upesi kama katika chujio. Chukueni makopo mawili yaliyotobolewa chini. Moja mlijaze mchanga, la pili udongo wa shamba. Mmimine maji sawasawa, mtaona wenyewe. Ndiyo sababu mahindi yakipandwa katika mchanga wa pwani hukauka mapema. Tena upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi huunguza majani.

Nchi ya Kongo ina pwani fupi, kilometa 40 hivi, toka mlango wa mto Kongo hata mpaka wa Kabinda. Huko Moanda bahari inamega nchi kavu mwaka kwa mwaka, na nyumba za watu zimeporomoka pamoja na ardhi. Kumbe katika mchanga uleule huota kichaka kisichoogopa chumvi wala jua. Ndiyo ikako.

Majani yake ni ya mviringo, manene, magumu kama ngozi. Hayapotezi maji upesi. Pwani haipandi juu sana, matawi yake hulala chini. Upepo ukiyafunika kwa mchanga hayafi, bali hutoa mizizi mipya. Hivyo kichaka kimoja huwa kama wavu unaoushika mchanga usipeperuke. Tunda lake ni dogo, jeupe au jekundu au la zambarau. Nyama yake ni laini kama pamba, utamu wake si mwingi. Kokwa ina mafuta mengi, hata ikitungwa katika kijiti huwaka kama mshumaa.

Mwenye kutaka kuipanda huokota matunda yaliyoiva, huondoa nyama na kuzika kokwa mbichi katika kitalu chenye kivuli kidogo. Kokwa huchelewa sana kuota. Hapa wengi hukata tamaa na kuupindua udongo, nao wanaharibu kazi yao wenyewe! Afadhali kungoja na kumwagilia. Miche ikipata nguvu huhamishwa mvua zinapoanza, maana huko kiangazi huishia Septemba. Katika kila shimo hutiwa mbolea ya majani yaliyooza, nayo hushika maji. Kitu kikubwa ni ua wa makuti, kukinga upepo na mbuzi katika mwaka wa kwanza. Baadaye ikako hujitunza.

Lakini haizuii mawimbi makubwa. Mawimbi yakilichimba genge kwa chini, genge huanguka pamoja na vichaka vyake. Kwa hiyo ikako hupandwa nyuma, mahali maji yakijaa hayafiki.

Maulizo. Kwa nini mahindi hukauka katika mchanga wa pwani? Tawi la ikako likifunikwa na mchanga hufanya nini? Kwa nini miche haihamishwi wakati wa kiangazi?