Gari la kupelekea oda likizima kwenye foleni, pima kwanza ndipo ununue spea

Leo somo siyo la picha wala bei. Ni la gari.

Nauza keki mtandaoni, hapa Dar. Keki ya krimu huwezi kumpa bodaboda, kwa hiyo napeleka mwenyewe na Corolla 110 yangu, AC imewashwa ili krimu isiyeyuke. Jumamosi moja gari likaanza kuzima kila nikisimama kwenye taa. Nilipozima AC ndipo likatulia. Nikafika kwa mteja nimechelewa saa nzima, krimu imeteremka upande mmoja, wageni wanaaga. Nilirudisha 70,000 yote.

Kosa kubwa nililifanya baada ya hapo. Fundi wa kwanza akasema plagi, nikanunua. Akasema pampu ya mafuta, nikanunua. Gari likaendelea kuzima. Hela ya unga na siagi ya wiki nzima ikaishia pale.

Fundi wa pili hakuniuzia kitu kwanza. Alinieleza hivi: ukiachia pedeli ya mafuta, njia kubwa ya hewa kwenye throto inafunga. Injini haizimi kwa sababu kuna valvu ndogo inayopitisha hewa pembeni. Ukiwasha AC injini inapata mzigo, na hiyo valvu inatakiwa ifunguke zaidi. Ikijaa masizi, au ikifa upande wa umeme, gari linakosa sailensi: mshale wa resi unapanda na kushuka, au linazima kabisa.

Tulifanya hivi, kwa mpangilio:

1. Kukagua mipira ya hewa. Mpira uliopasuka unaleta dalili hizohizo, na bei yake ni ndogo. Yangu ilikuwa mizima.

2. Kupima. Alichomoa soketi ya valvu huku injini inanguruma. Mlio haukubadilika hata kidogo. Maana yake valvu haifanyi kazi, au umeme haufiki. Akapima nyaya, ziko sawa.

3. Kusafisha. Tulisubiri injini ipoe, maana kwenye gari hili maji ya rejeta yanapita humo. Akatoa waya hasi wa betri, akafungua throto, akapuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye njia ya hewa tu, siyo upande wa umeme. Masizi yalitoka meusi tii. Gari likakaa vizuri siku nne, kisha ugonjwa ukarudi.

4. Kubadilisha. Niliibeba ile valvu mbovu mpaka Ilala kwenye spea za mtumba. Nikalinganisha namba iliyoandikwa juu yake, pini za soketi na matundu ya skrubu. Nikakubaliana na muuzaji kabisa: isipofanya kazi, kesho narudisha. Gasketi nilinunua mpya. Ya zamani ikivujisha hewa, umefanya kazi bure.

5. Kujaribu. Tulijaza maji yaliyomwagika, tukaliacha gari lingurume kama dakika 10 bila AC. Tulipowasha AC, resi ikashuka kidogo, ikarudi kwenye 800 hivi, ikatulia.

Gari limepona. Yule mteja bado hajarudi.

Sisi tunapiga hesabu ya unga, boksi na bando, lakini gari tunalisahau mpaka ligome. Siku hizi kwenye kila oda natenga 2,000 ya gari kabla sijasema nimepata faida. Na fundi akiniambia "nunua hiki", namuuliza: umepimaje mpaka ukajua?

Kama gari lako linazima ukiwasha AC tu, anza na namba 1 kabla hujafungua pochi. Na usianze siku yenye oda.