Kwa Nini Dripu Si Maji Matupu

Wanachuo wenzangu wa ualimu, hasa mnaojiandaa kwenda fildi, someni hii kabla hamjashika chaki.

Mwaka jana nilifundisha osmosisi Kidato cha Pili. Fasili nilikuwa nimeikariri: maji husafiri kutoka mmumunyo usiokolea kwenda uliokolea, kupitia utando unaopitisha maji na kuzuia vitu kama sukari. Nilikata kiazi mviringo vipande virefu kama chipsi, vitatu nikavitia kwenye glasi ya maji matupu, vitatu kwenye maji yenye vijiko viwili vya chumvi. Mwisho wa kipindi, vya maji matupu vilikuwa vikavu mkononi, ukivikunja vinakatika. Vya chumvi vilikunjika kama kamba. Darasa likashangilia. Nikajiona mwalimu kweli.

Ndipo binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama maji matupu ndiyo yanazipa seli nguvu, mbona bibi yangu hospitali aliwekewa dripu ya chumvi? Si wangemwekea maji matupu apone haraka?"

Nikajibu palepale: "Maji matupu yana vijidudu." Wakaandika kwenye madaftari.

Hilo ndilo lililoninyima usingizi, kwamba waliandika. Maji unaweza kuyasafisha mpaka yasibaki na kijidudu hata kimoja, na bado hayafai kumiminwa hivyo hivyo kwenye mshipa. Nilikuwa nimelikwepa swali, na nimewaachia watoto arobaini jibu pungufu.

Sasa tulipange vizuri.

Seli ya mmea ina utando, na nje ya utando ina ukuta mgumu wa selulosi. Ikiwa kwenye maji matupu, maji yanaingia, seli inavimba na kuusukuma ukuta. Ukuta nao unasukuma kurudi ndani, mpaka seli haiwezi kuongezeka tena. Haipasuki, inakakamaa. Ndiyo maana kiazi kilikuwa kigumu, na ndiyo maana mchicha ulionyauka mchana hunyanyuka ukimwagiliwa. Kwenye chumvi nyingi mambo yanageuka: maji yanatoka, utando unasinyaa na kujitenga na ukuta, mmea unalegea. Umeshaviona vitunguu vya kachumbari vikitiwa chumvi: vinatoa maji na kulainika.

Seli ya mnyama haina ukuta. Ina utando tu. Seli nyekundu ya damu ukiitia kwenye maji matupu, maji yanaingia, inavimba, hakuna cha kuizuia, inapasuka. Ukiitia kwenye chumvi kali, inanywea na kukunjamana. Kwa hiyo dripu ya kawaida ya chumvi hutengenezwa kwa gramu 9 za chumvi katika kila lita 1, yaani asilimia 0.9. Kwa kiwango hicho, maji yanayoingia kwenye seli yanalingana na yanayotoka, na seli inabaki na umbo lake.

Angalizo moja: tusiwaambie wanafunzi kwamba chumvi inavuta maji kama sumaku, au kwamba maji yanapita upande mmoja tu. Molekuli za maji hupita pande zote mbili muda wote. Tofauti ni kwamba zinazotoka upande usiokolea ni nyingi kuliko zinazorudi. Hata kwenye dripu ile, maji hayajasimama, yamelingana tu.

Kesho yake niliingia darasani moyo unadunda. Nikasema, "Jana nilimjibu mwenzenu vibaya. Futeni, tuanze upya." Nilitegemea wacheke. Walinyamaza, halafu nikasikia rula zikipiga mistari juu ya sentensi yangu. Nikachora seli mbili ubaoni, yenye ukuta na isiyo na ukuta, nikaeleza kama nilivyoeleza hapa.

Yule binti akaangalia mchoro, akasema, "Kumbe bibi hana ukuta."

Hapo ndipo walipocheka, na mimi nikacheka nao. Ila niliiandika sentensi yake ubaoni, kwa sababu ilibeba somo zima kuliko fasili yangu.

Mkifika fildi mtaulizwa msichokijua, hilo lisiwatishe. Andika swali pembeni mwa ubao, sema "tutalijibu kesho," kisha kesho ulijibu kweli. Na leo, kama una kiazi, chumvi na glasi mbili hapo hosteli, jaribu mwenyewe kwanza.