Moyo wa Mhudumu: Ustawi wa Kiroho na Kuridhika Kazini kwa Wahudumu wa Afya

Ni saa nane usiku. Muuguzi aliye peke yake katika wodi ya wazazi amempoteza mtoto mchanga. Anamfariji mama, anajaza fomu, ananawa mikono na kumwendea mama mwingine aliyeshikwa na uchungu. Hakuna anayemuuliza yeye anaendeleaje. Asubuhi mkazi anafika, anajibiwa kwa ukali, na anaondoka akisema wauguzi hawana utu.

Hali kama hii inaweza kutokea katika kituo chochote cha afya. Fundisho lake ni kwamba mzigo ulio moyoni mwa mhudumu hatimaye humfikia mgonjwa.

Ustawi wa kiroho ni nini?

Ni hali ya mtu kuona kwamba maisha na kazi yake vina maana, kuwa na amani ya ndani, na kuwa na uhusiano mwema na wenzake na, kwa walio wengi, na Mungu. Wengine huupata kanisani, msikitini au hekaluni. Wengine huupata katika familia, katika ukimya, au katika dhamiri ya kutenda mema. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini. Kwa hivyo, mhudumu asilazimishwe kushiriki maombi kazini, wala asibaguliwe kwa imani yake.

Unahusiana vipi na kazi?

Mwaka wa 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kwamba uchovu wa kazi uliopindukia hutokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona kwamba juhudi hazizai matunda. Usingizi hupunguza dalili ya kwanza. Mbili zilizobaki zinagusa maana ya kazi, na hapo ndipo ustawi wa kiroho unapohitajika.

Je, maombi yanatosha?

La. Mwaka wa 1959, mwanasaikolojia wa Marekani Frederick Herzberg na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wahandisi na wahasibu. Walionyesha kwamba mshahara duni na mazingira mabaya huleta manung'uniko, ilhali kufanikisha jambo, kutambuliwa na kuipenda kazi yenyewe ndiko huleta kuridhika. Yote mawili yanahitajika. Mhudumu asiye na glavu hawezi kuambiwa aombe tu. Migomo ya madaktari ya siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, na ya siku 56 mwaka wa 2024, ilitokana na madai ya malipo na mazingira ya kazi. Vilevile, mshahara mzuri hauwezi peke yake kumponya aliyevunjika moyo.

Hatua za kuchukua

Mhudumu: Zungumza na mwenzako unayemwamini baada ya kifo au tukio zito. Tenga muda wa sala au utulivu. Usingizi ukikupotea au ukikata tamaa, tafuta mshauri nasaha mapema. Kutafuta msaada si udhaifu.

Msimamizi: Heshimu ratiba ya zamu. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi zenye malipo kwa mwaka. Baada ya tukio la huzuni, waketishe wahudumu pamoja kwa dakika chache wazungumze bila kulaumiana. Tenga chumba kitulivu kinachoweza kutumiwa na watu wa dini zote.

Mkazi: Ukihudumiwa vyema, sema asante na umtaje mhudumu kwa msimamizi wake. Ukitendewa vibaya, una haki ya kulalamika. Peleka malalamiko kwa msimamizi wa kituo au kwa kamati ya usimamizi badala ya kumtusi mhudumu.

Muuguzi yule wa saa nane usiku atarudi kazini jioni. Akikuta mwenzake wa kusaidiana naye, msimamizi wa kumsikiliza na mgonjwa wa kumsalimu kwa heshima, mama anayefuata atapata huduma bora zaidi.