Ghala la Hewa Katika Matope ya Gazi



Kabla kikundi chenu hakijatia sahihi karatasi ya mtu anayesema ati atawanunulia "hewa ya miti", someni kwanza habari hii ya wenzetu wa pwani.

Hewa ukaa hutoka kwenye moshi wa magari, viwanda na kuni. Karibu robo ya ile tunayoitoa sisi binadamu huingia baharini, ikayeyuka majini kama gesi ndani ya soda. Lakini ufuoni kuna ghala lingine, nalo ni mikoko, miti ile inayoota kwenye maji ya chumvi. Majani yake huvuta hewa ukaa kama majani chai yetu. Tofauti iko chini. Jani likianguka shambani kwetu linaoza, na sehemu kubwa ya hewa inarudi juu. La mkoko linazama katika matope yasiyopitisha hewa. Wenye ng'ombe mmeshaelewa: ni kama saileji. Ikikanyagwa na kufunikwa vizuri haiozi. Ukifungua karatasi, imekwisha. Matope hayo hutunza kaboni mamia ya miaka, lakini mikoko ikikatwa, huanza kuiachilia.

(Mtu atauliza, sisi wa milimani inatuhusu nini? Mto wetu Sondu unaingia Ziwa Victoria, wala haufiki Bahari ya Hindi. Hewa, hata hivyo, ni moja.)

Huko Gazi, Kwale, watu walikuwa wakikata mikoko kwa nguzo na kuni. Mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja, wa vijiji vya Gazi na Makongeni, ulikubaliwa kuuza hewa ukaa. Wanalinda hekta 117 na kupanda mikoko mingine. Pia walipanda mivinje ili watu wapate nguzo. Hesabu yao ni tani kama 3,000 kwa mwaka. Pesa zimeleta maji na vitabu vya shule, na matumizi yanaamuliwa na wanakijiji wenyewe. Hapo ndipo naona siri yao, kuliko hata kwenye matope.

Sheria yetu ya mwaka 2023 inataka mradi wa ardhi uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato, tena kwa mkataba ulioandikishwa.

Ya kujadili kikundini: Nani atapima miti yetu? Mkataba ni wa miaka mingapi? Na kijana akihitaji nguzo za kujenga, atakata wapi?