MLANDEGE MBILI, DAFTARI MOJA
Somo juu ya matatizo ya kawaida ya hifadhidata za afisi na namna ya kuyatatua

Watumishi wa umma na wananchi wote wanaarifiwa kwamba ukurasa huu, pamoja na matangazo yake ya kawaida, unaleta somo juu ya hifadhidata. Somo hili limekusudiwa mtumishi anayeingiza majina katika kompyuta, mkuu wake anayetia saini orodha, na mwananchi ambaye haki yake imo ndani ya orodha hiyo.

Tuanze na neno moja. Mkaazi wa mji wa Zanzibar akitaja Mlandege, hakusudii ila shehia iliyomo Wilaya ya Mjini, Unguja. Mkaazi wa Nyanda za Juu Kusini akilitaja jina hilo hilo, anakusudia kata iliyomo Manispaa ya Iringa. Wawili hao wakikutana barazani, dakika moja yatosha kutambua kwamba kila mmoja anazungumzia kwao. Kompyuta haina dakika hiyo. Kwake yeye herufi nane ni herufi nane, na ikiwa hakuna aliyeifundisha tofauti, Iringa na Unguja zitakuwa mahali pamoja. Sehemu kubwa ya matatizo yatakayoelezwa hapa chini yana asili hiyo.

HIFADHIDATA YA MAHUSIANO NI NINI

Daftari la zamani liliweka kila kitu katika ukurasa mmoja: jina, makaazi, tarehe ya kuzaliwa, malipo na saini. Hifadhidata ya mahusiano huzigawa habari hizo katika majedwali, kisha huyaunganisha. Wazo hilo lilitolewa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani. Mwaka 1974 wenzake wawili wa kampuni hiyo, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walieleza lugha ya kuyauliza majedwali hayo maswali, ambayo leo inajulikana kwa jina la SQL.

Katika kila jedwali, mstari mmoja ni mtu mmoja au kitu kimoja, na safu moja ni sifa moja. Kila mstari hupewa ufunguo, yaani nambari isiyorudiwa. Jedwali la malipo likitaka kumtaja mzee fulani halinakili jina lake, bali hutaja ufunguo wake. Inafaa ieleweke kwamba jina ni la kumwitia mtu, na ufunguo ni wa kumtambulisha.

TATIZO LA KWANZA: MTU MMOJA KUWA WAWILI, AU WAWILI KUWA MMOJA

Fatma wa Unguja huandikwa Fatuma akifika bara. Suleiman huwa Selemani, na Abdalla huongezwa herufi moja akawa Abdallah. Mwenye kuandikishwa mara mbili kwa tahajia mbili ataonekana watu wawili. Kinyume chake, vijana wawili wanaoitwa Ali Juma Ali, waliozaliwa mwaka mmoja katika shehia moja, wataonekana mtu mmoja, na mmoja wao atakosa haki yake.

Dawa yake si kulazimisha tahajia moja, kwani jina ni la mwenyewe. Dawa ni kutumia nambari ya kitambulisho kuwa ndiyo inayomtofautisha mtu. Nambari ya Kitambulisho cha Taifa, kwa mfano, ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Aidha, mtumishi asiunganishe mistari miwili inayofanana kabla ya kulinganisha angalau mambo matatu: nambari, tarehe ya kuzaliwa na jina la mama.

TATIZO LA PILI: JUMLA INAYOONGEZEKA YENYEWE

Tuseme afisi ina orodha ya watu 40 wa Mlandege ya Unguja, kila mmoja akistahiki shilingi 50,000. Jumla ni shilingi 2,000,000. Mtumishi anaunganisha orodha hiyo na jedwali la maeneo ya nchi nzima kwa kutumia jina la eneo. Jedwali lile lina Mlandege mbili. Kila mtu anaungana na zote mbili, orodha inakuwa ya mistari 80, na jumla inasomeka shilingi 4,000,000.

Wengi wakiona marudio hayo huongeza neno DISTINCT katika ulizo lao ili yaondoke. Huko ni kufunika kidonda bila ya kukiosha. Marudio ni ishara kwamba muungano umefanywa kwa safu isiyo ya pekee. Eneo liunganishwe kwa nambari. Postikodi zinasaidia hapa: za Mkoa wa Iringa huanza na 51, na za Mkoa wa Mjini Magharibi huanza na 71, hivyo Mlandege mbili haziwezi kuchanganyika.

TATIZO LA TATU: MSTARI YATIMA

Mstari yatima ni ule unaotaja ufunguo usiokuwapo, kama malipo ya mtu ambaye hayumo tena katika jedwali la watu. Mwaka 2016 Serikali ya Jamhuri ya Muungano ilitangaza kuwaondoa watumishi hewa zaidi ya 10,000 katika orodha za mishahara. Si kila mtumishi hewa anatokana na kosa la kompyuta, lakini orodha ya malipo isiyofungamana na orodha ya watu hutoa nafasi kwa kosa na kwa hila pia.

Hifadhidata inaweza kuamrishwa ikatae kuingiza malipo ya asiyekuwapo, na ikatae kumfuta mwenye malipo. Kukataa huko humfikia mtumishi kwa maneno makali ya kiingereza katika kioo, na baadhi ya watumishi huomba ulinzi huo uondolewe ili kazi iende. Usiondolewe. Mlinzi anayemzuia mgeni mlangoni anafanya kazi yake. Atafutwe kwanza mgeni huyo ni nani.

TATIZO LA NNE: MIPAKA INAYOHAMA

Mwaka 2012 Mkoa wa Njombe ulimegwa kutoka Iringa, na mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ukamegwa kutoka Mbeya. Kwa hiyo aliyezaliwa Makete mwaka 2000 ana cheti chenye neno Iringa, na aliyezaliwa Mbozi mwaka 2013 ana cheti chenye neno Mbeya, ingawa leo Makete imo Njombe na Mbozi imo Songwe.

Jambo hili ni zito, kwa sababu Mbeya ndiko ulikoanzishwa mwaka 2013 mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti bila ya malipo, katika vituo vya tiba na afisi za watendaji wa kata, habari zao zikipelekwa kwa simu ya mkononi. Mpango huo ulienea baadaye katika mikoa mingine, Iringa na Njombe zikiwamo. Mtumishi akiamua kubadilisha neno Mbeya kuwa Songwe katika mistari ya zamani, rekodi itapingana na cheti alichonacho mzazi mkononi, na mtoto atasumbuliwa siku ya kutafuta skuli au pasi.

Utaratibu ulio sahihi ni kuhifadhi nambari ya wilaya katika mstari wa mtoto, na kuwa na jedwali la pembeni linaloeleza wilaya hiyo ilikuwa mkoa gani, kuanzia tarehe gani hadi tarehe gani. Kilichoandikwa siku ya kuzaliwa kisiguswe.

TATIZO LA TANO: NAFASI TUPU NA TAREHE ZENYE UTATA

Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii mwaka 2016 kwa wazee waliotimiza miaka 70. Tuchukue mfano wa kubuni. Orodha ya wakaazi 1,200 inaulizwa ni wangapi wametimiza miaka 70, jibu linakuja 310. Inaulizwa ni wangapi hawajatimiza, jibu linakuja 850. Jumla ni 1,160. Watu 40 wako wapi?

Hao hawana tarehe ya kuzaliwa katika kompyuta. Nafasi tupu si sifuri. Maana yake ni "haijulikani", na kisichojulikana hakiwezi kuwa zaidi ya 70 wala pungufu ya 70. Mzee wa namna hiyo huachwa na orodha zote mbili, wala hapana anayemkataa kwa mdomo. Naye ndiye aliye mhitaji zaidi, kwani wasio na tarehe aghalabu ni wale waliozaliwa kabla ya vyeti kuenea. Basi kila hesabu ya namna hii iwe na maulizo matatu: waliotimiza, wasiotimiza, na wasiojulikana. Majibu matatu yakijumlishwa lazima yalingane na idadi ya wote.

Vile vile tarehe 03/04/1954 kwetu ni tarehe tatu Aprili, lakini kompyuta iliyotengenezwa kwa kawaida za Marekani huisoma Machi 4. Iandikwe mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 1954-04-03.

TATIZO LA SITA: ULIZO LINALOKAWIA

Ulizo likichukua muda mrefu, watu huilaumu mashine. Mara nyingi kinachokosekana ni faharasa, ambayo huiwezesha kompyuta kufungua ukurasa unaotakiwa bila ya kusoma kitabu kizima. Faharasa iwekwe katika safu zinazotafutwa kila siku, kama nambari ya kitambulisho. Isitegemewe herufi ya mwanzo ya jina peke yake: Mbeya ina ukoo mwingi wenye jina linaloanza na Mwa-, na kutafuta kwa herufi M ni sawa na kutafuta pote.

Ikiwa ulizo limesimama kabisa, huenda mtumishi mwengine ameanza kubadilisha jedwali hilo, kisha akaenda kunywa chai bila ya kumaliza. Aulizwe kwanza kabla ya kuzima seva.

TATIZO LA SABA: AMRI ISIYO NA SHARTI

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Amri ya kufuta au kubadilisha ikikosa sharti la WHERE, haimfikii mtu mmoja, huwafikia wote walioandikwa humo. Kwa hiyo mtumishi afuate hatua hizi bila ya kuruka hata moja:

1. Aandike kwanza ulizo la kutazama tu, lenye sharti lile lile, na ahesabu mistari inayotoka.
2. Aanze muamala kwa amri ya kuufungua.
3. Atoe amri ya kubadilisha, na atazame idadi ya mistari iliyoguswa.
4. Idadi ikilingana na ile ya mwanzo, athibitishe kwa COMMIT. Isipolingana, arejeshe kwa ROLLBACK.

Nakala ya akiba ichukuliwe kila siku, iwekwe jengo jengine, na ijaribiwe. Nakala ambayo haijapata kurejeshwa kwa majaribio ni matumaini tu.

MPANGO WA KUCHUNGUZA

Tatizo lolote likitokea, mtumishi ajiulize kwa mpangilio huu: Ujumbe wa kosa unasema nini, neno kwa neno? Nini kimebadilika tangu jana? Idadi ya mistari ni ile inayotarajiwa? Ufunguo uliotumika ni wa pekee kweli? Zipo nafasi tupu? Akishapata majibu ndipo atengeneze, na aandike katika daftari alichokifanya, tarehe na saa.

KWA WANANCHI

Mwananchi anayekosa jina lake katika orodha asirudi nyumbani kwa kuambiwa "kompyuta imekataa". Kompyuta haikatai mtu; hujibu swali iliyoulizwa. Afike kwa sheha au katika afisi inayohusika na kitambulisho chake na cheti alichonacho, aombe mstari wake utafutwe kwa nambari, si kwa jina peke yake, na ahakikishe tarehe na eneo lake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imetambua haki ya mtu kuomba taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe.

Wakuu wa afisi wanaombwa kulisoma somo hili pamoja na watumishi wao, na kulibandika mahali pa kazi. Nyuma ya kila mstari yupo mtu, naye anangoja dirishani.