Dashibodi Ikidai Nje ni Nyuzi 40 Chini ya Sifuri

Gari liko Kinondoni, Dar es Salaam, saa nane mchana wa Januari, na dashibodi inaonyesha kwamba joto la nje ni nyuzi -40. Madereva wengi huicheka namba hiyo na kuendelea na safari. Nawasihi waisome vizuri, kwa sababu inasema jambo la kweli: kompyuta ya gari haipati habari yoyote kutoka kwa sensa ya joto la nje. Waya umekatika, soketi imechomoka, au sensa yenyewe imekufa. Magari mengine huonyesha -30, mengine vistari viwili tu, lakini ujumbe ni uleule.

Kinachonifanya nilisisitize jambo hili ni AC. Kwenye magari mengi yenye AC ya otomatiki, kompyuta huangalia joto la nje kabla ya kuruhusu kompresa ianze kazi. Ikiona nje kuna baridi ya kugandisha, huizuia. Mwenye gari hajui hayo. Anachoona ni upepo wa moto ukimpuliza usoni. Akifika gereji anaambiwa gesi imeisha. Anajaziwa gesi, upepo unabaki wa moto, kisha anaambiwa kompresa imekufa na atafute nyingine. Fedha nyingi zinakwenda, na gesi iliyojazwa kupita kiasi inaweza kuharibu mfumo uliokuwa mzima, kumbe shida ni kidude kisichozidi kidole gumba. Kwa hiyo AC ikigoma, angalia kwanza namba ya joto la nje. Kama ni ya uongo, usikubali mtu aguse gesi mpaka namba hiyo irekebishwe.

Namba inayozidi kidogo hali halisi ni jambo jingine, na mara nyingi hakuna ubovu wowote. Katika magari mengi sensa hukaa mbele, nyuma ya grili au bampa, karibu na kondensa ya AC. Ukikwama kwenye foleni ya Ubungo, joto la lami, la injini yako na la ekzosi ya aliye mbele yako vyote huifikia. Kusoma 38 wakati hewa ni 32 hapo si ajabu. Ukizima gari likiwa la moto na kuliwasha baada ya nusu saa, namba inaweza kupanda zaidi. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana kompyuta nyingi huchelewa kukubali namba inayopanda hadi gari liwe kwenye mwendo. Endesha barabara iliyo wazi kwa kilomita 50 hivi kwa saa, dakika kadhaa, ndipo uhukumu.

Hakikisha pia namba unayoisoma ndiyo yenyewe. Joto ulilochagua kwenye AC si joto la nje, na geji ya joto la injini ni kitu tofauti kabisa. Hiyo ikipanda kupita kawaida, simama mara moja. Gari lililotoka Marekani huenda limewekwa kwenye Farenihaiti: 86 hapo ni nyuzi 30 za Selsiasi, na hubadilishwa kwenye mipangilio ya dashibodi.

Ikiwa namba bado haieleweki, itafute sensa. Toyota na Subaru nyingi zinayo mbele kama nilivyosema, mara nyingi imebanwa kwa klipu kwenye chuma kilicho mbele ya kondensa. Kwenye Volvo, Peugeot na Ford kadhaa imo ndani ya kioo cha pembeni, kwa hiyo kioo kikigongwa na kubadilishwa kwa cha mtumba kisicho na sensa, ugonjwa huanza siku hiyohiyo. Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: gari limeguswa wapi karibuni? Bampa likishushwa kwa ajili ya kunyooshwa na kupakwa rangi, soketi ya sensa husahaulika kirahisi sana. Mara nyingine hurudishwa lakini sensa huachwa ikining'inia na kulalia kondensa, halafu inapima joto la kondensa badala ya hewa. Panya nao hawajambo kwa waya, hasa gari likilala nje.

Zima switchi kabla ya kupeleka mkono huko, kwa kuwa feni ya rejeta inaweza kuanza yenyewe. Usiguse soketi za njano, ambazo kwa kawaida ni za mifuko ya hewa, wala waya za rangi ya machungwa kwenye magari ya haibridi kama Prius na Aqua. Hizo za machungwa zina umeme wa kuua. Sensa tunayoitafuta ina waya mbili nyembamba za kawaida.

Chomoa soketi yake, washa switchi, soma dashibodi. Kama ilikuwa inaonyesha joto kubwa la uongo na sasa imeshuka hadi mwisho, waya na kompyuta vina uhai, na unachopaswa kukishuku ni sensa. Kama ilikuwa -40 na bado ni -40, zima, unganisha matundu mawili ya soketi upande wa gari kwa kipande cha waya mwembamba, kisha washa tena. Namba ikipanda hadi juu kabisa, njia yote ni nzima na sensa ndiyo iliyokufa. Ipe muda kidogo, maana kupanda huchelewa. Isipopanda, ubovu uko kwenye waya, kwenye soketi au kwenye kompyuta yenyewe, na hapo mwite fundi umeme. Jaribio hili ni la sensa ya waya mbili peke yake; kama zako ni zaidi, usiunganishe chochote.

Mwenye multimita anaweza kwenda mbali zaidi. Ndani ya sensa kuna kitu ambacho ukinzani wake hupungua joto linapopanda. Katika modeli kadhaa za Toyota, kwa nyuzi 25 utasoma kati ya omu 1,600 na 1,800, na kwa nyuzi 50 kati ya 500 na 700. Kampuni nyingine zina namba zao, lakini mwelekeo kwa kawaida ni huohuo. Pima, kisha ifumbate sensa mkononi: ukinzani ushuke taratibu bila kurukaruka. Ukitaka uhakika zaidi, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, ikiwa imeunganishwa tena na gari, uizamishe kwenye kikombe cha maji yaliyojaa barafu. Baada ya muda dashibodi isome karibu na sifuri. Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote, kwa kuwa barafu inayoyeyuka majini haibishaniwi na mtu yeyote.

Namba ikikosea kwa nyuzi chache tu, angalia inakosea kuelekea wapi. Ikisoma baridi kuliko hali halisi, kuna ukinzani ulioongezeka njiani: kutu ya kijani kwenye pini, au waya uliokatika nusu. Magari ya Tanga, Mombasa na Unguja hupata sana kutu hiyo kwa sababu ya chumvi ya bahari. Ikisoma joto kuliko hali halisi, na sensa imekaa mahali pake, shuku maji yaliyoingia kwenye soketi na kufungua njia ya mkato kati ya pini mbili, jambo la kawaida baada ya masika au baada ya gari kuoshwa kwa mashine ya presha. Kausha soketi, piga dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, sugua taratibu kwa mswaki mkavu. Waya uliokatika uunganishwe kwa kulehemu na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Kuusokota na kuuzungushia tepu, pale mbele ambapo maji na vumbi hupiga kila siku, hakudumu.

Sensa ikiwa imekufa kweli, usinunue kwa kuangalia umbo. Soketi zinaweza kufanana huku ukinzani wa ndani ukiwa tofauti, ukaishia na namba mpya ya uongo. Nenda Gerezani kama uko Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kama uko Nairobi, ukiwa na sensa ya zamani mkononi na namba ya chesisi, na omba mpya ipimwe kwa multimita kabla hujalipa. Baada ya kuifunga, mwambie fundi afute msimbo wa hitilafu uliobaki kwenye kompyuta. Kwa Toyota nyingi, wa sensa hii ni B1412. Kisha washa AC na usikilize kama kompresa inaingia.