Datsun 240Z au Vitz: ipi gari nzuri?

Leo tujifunze falsafa kidogo kupitia ubishi wa magari.

Ukitaja Datsun 240Z, wengi wanaipa ushindi hapohapo, na nawaelewa. Injini lita 2.4, silinda sita zimepangwa mstari mmoja. Ilishinda Safari Rally mwaka 1971, ikarudia 1973 Shekhar Mehta akiwa kwenye usukani, kwenye tope na mawe ya Afrika Mashariki yetu hii. Na ile boneti ndefu, jamani!

Ila ina viti viwili tu. Haina mifuko ya hewa ya kukukinga ajalini. Mafuta yanapita kwenye kabureta, kwa hiyo asubuhi ya baridi lazima uvute choki. Toyota Vitz, iliyotoka mwaka 1999 na injini ya lita moja, mafuta yanapimwa na kompyuta. Unawasha, unaondoka na watu wanne pembeni yako.

Aristotle alisema farasi mzuri ni yule anayekimbia vizuri na kumbeba vizuri mpandaji wake. Yaani uzuri wa kitu unapimwa kwa kazi yake. Sasa angalia: kukimbia na kubeba ni kazi mbili, na hizi gari zimegawana. Anayeuliza "ipi nzuri?" bila kusema kwa kazi gani, hajauliza bado.

Kwa hiyo kama una hela ya gari moja, na nyumbani kuna bibi wa kupelekwa kliniki, nunua Vitz. Datsun nenda kapige nayo picha.